Farasi Wanne Chini ya Miembe: Kisa cha Kambi Kati ya Mapinga na Bagamoyo

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha safari fupi ya farasi wanne na watu watano, siku tatu na usiku mbili, kutoka zizi moja lililoko Mapinga hadi Kaole, kilomita tano kusini ya mji wa Bagamoyo. Mwendesha bodaboda huimaliza njia hiyo kabla chai haijapoa. Farasi haimalizi hivyo, na ugumu wake hautokani na umbali. Mwezi Februari mwenye farasi, mama mmoja makini anayewatunza wanyama wake vizuri kuliko wengi ninaowafahamu, aliniletea mpango wake ulioandikwa kwenye karatasi moja. Aliniomba niupitie kwa kuwa niliwahi kufanya kazi ya uganga wa mifugo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikihudumia farasi wa watu pembezoni mwa Dar es Salaam. Nadhani alitarajia nimwambie tu kwamba uko sawa. Niliurudisha ukiwa umebaki chini ya nusu.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Wangeondoka wiki ya sikukuu ya Muungano, tarehe 26 Aprili, kwa sababu watu wana mapumziko. Usiku wa kwanza wangelala ufukweni karibu na Mlingotini, wa pili ng'ambo ya Mto Ruvu, na wa tatu jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kisha lori lingewafuata huko na kuwarudisha. Mahema, vyombo na chakula vyote vingebebwa na farasi wenyewe. Kila kituo kilikuwa kimechaguliwa kwa uzuri wa mandhari yake, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Mchana wa farasi njiani hauna shida kubwa, kwani akichoka utashuka na kumwongoza kwa miguu. Usiku wake ndio wenye madai, kwa kuwa anahitaji maji mengi, miti miwili imara, ardhi isiyo na mchanga mtupu, na mwenye shamba aliyekubali. Nilimshauri aanze kupanga kutoka saa kumi na mbili jioni akirudi nyuma hadi asubuhi, na mandhari yakae mahali popote yatakapobaki.

Aprili iliondolewa kwanza. Huo ndio moyo wa masika, ambapo njia za udongo mweusi kati ya Kerege na Zinga huwa tope linalong'oa viatu vya farasi kwatoni, na usubi na mbu huongezeka kila mahali maji yanapotuama. Usubi ndio unaoeneza ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao mnyama mzima asubuhi unaweza kumkuta akitoka povu puani kesho yake. Bagamoyo ina kumbukumbu ya jambo hili. Henry Morton Stanley aliondoka mjini hapo Machi 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, akiwa na farasi wawili na punda ishirini na saba, mvua zikiwa zinaanza. Farasi wote wawili walimfia siku za mwanzo kabisa, kabla msafara haujafika mbali, na kuanzia hapo mambo yakabaki kwa punda na wapagazi. Waganga wa mifugo wanaweza kubishana kuhusu kilichowaua, lakini kwa msimu ule sioni la kubishana. Tulihamisha safari hadi Julai, wakati wa upepo wa kusi, ambapo joto limepungua na njia zimekauka. Chanjo ya ugonjwa huo tulihakikisha imetolewa wiki kadhaa kabla, maana chanjo ya kuchomwa jana haimlindi mnyama leo.

Ruvu na Saadani nazo ziliondolewa, na kwa hizo tulibishana. Hifadhi hairuhusu mifugo kuingia ndani ya mipaka yake, jambo ambalo mama yule alilijua, ndiyo maana aliandika "jirani". Lakini mbung'o hasomi mabango ya mpaka. Ukanda ule wa vichaka na wanyamapori una mbung'o, na farasi akiumwa na mbung'o mwenye vimelea anaweza kupata nagana, maradhi yanayomkondesha na kummaliza damu taratibu. Kinga yake ipo, ila inataka mipango ya mganga wa mifugo na haitoi uhakika kamili. Aidha, yeye alikuwa na matandiko mapya ya rangi ya buluu, mazuri kweli, na rangi ya buluu ndiyo ile ile inayotumiwa kushonea mitego ya mbung'o kwa kuwa huwavuta. Mto Ruvu, kwa upande wake, una viboko na mamba, na daraja lake liko kwenye barabara ya lami ya kwenda Msata inayopitiwa na malori. Kumvusha farasi asiyezoea malori juu ya daraja, mbele kuna basi na nyuma kuna semitrela, si jambo la kujifunzia safarini.

Kilichobaki ni nchi iliyoko kati ya Mapinga na Kaole, na hapa ndipo ukaribu wa jiji unapobadilisha maana ya neno "pori". Kwenye picha ya setilaiti ya simu, eneo la nyuma ya Kerege lilionekana kijani kitupu, na mama alikuwa ameweka alama ya kambi katikati yake. Tulikwenda kulitazama katikati ya Juni. Tulikuta bikoni za zege kila hatua thelathini, ukuta wa tofali uliofika kiunoni, nyaya za seng'enge zilizolala kwenye nyasi bila nguzo, na bango la bati lililoandikwa kwa mkono "Kiwanja hiki hakiuzwi". Kila kipande cha kijani kile kina mwenyewe, na mwenyewe yuko Sinza au Mbagala, na mlinzi wake hana idhini ya kukaribisha farasi. Seng'enge iliyolala chini ndiyo iliyonitisha zaidi ya yote, kwa sababu farasi aliyenaswa mguu hasimami kusubiri msaada. Huvuta mpaka nyama itoke.

Tulirudi barabarani tukaenda ofisi ya kijiji, jambo ambalo tulipaswa kulifanya kwanza. Mtendaji alituelekeza kwa mzee mmoja mwenye shamba la mikorosho na miembe upande wa Zinga, kando ya njia iendayo Mlingotini. Mzee alikuwa ameketi kibarazani akisuka ukili.

"Shikamoo babu," mama alianza.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Nasikia mna farasi. Wanakula mikorosho?"

"Hawali, babu. Ila wakichoka kusimama wanaweza kuguguna magome."

Mzee alicheka, akaweka ukili chini. "Basi ile michanga msiiguse. Wafungeni kwenye miembe mikubwa ile ya bondeni. Na mwezi ujao nitakuwa napuliza salfa huku juu, mikorosho itakuwa imetoa maua. Mkisikia mashine, msisogee."

Maneno hayo ya salfa yalikuwa na thamani kuliko karatasi yetu yote. Wakulima wa korosho hupuliza unga wa salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, wakati miti inapotoa maua, na unga huo ukiingia machoni na kwenye mapafu ya farasi waliofungwa mahali pamoja usiku kucha ungewaletea kikohozi na macho mekundu, na sisi tungeshinda kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Kwenye ramani hakuna kitu kama hicho. Mzee hakutaka fedha. Alitaka samadi, yote, ikiwa kwenye magunia, kwa ajili ya mchicha wake, na hilo likatuondolea swali la nini cha kufanya na kinyesi cha farasi wanne mahali ambapo watu wanaishi na kuchota maji.

Kwa kuwa mahali pazuri pamepatikana, niliona hakuna sababu ya kuhamahama. Tulikubaliana kulala hapo hapo usiku wote miwili: siku ya kwanza kufika, siku ya pili kwenda ufukweni na kurudi, siku ya tatu kwenda Kaole. Watu wengi hudhani kambi isiyohama si safari. Kwa farasi wasiozoea kulala nje, usiku wa pili mahali pale pale ndio usiku wa kwanza wanaolala kweli.

Sasa maji. Farasi wa kilo mia nne, akitembea kwenye joto la pwani, anaweza kunywa lita 40 kwa siku. Mara nne ni lita 160, na tuliongeza 20 za kuwafuta jasho na kusafisha kwato, jumla 180, yaani madumu tisa ya lita ishirini kwa kila siku ya kambi. Kisima cha mzee kilikuwepo, lakini niliyaonja maji yake na yalikuwa na chumvi kidogo, kama visima vingi vya ukanda ule. Binadamu atayanywa akilalamika. Farasi atatia midomo, atainua kichwa, na atakaa na kiu mpaka asubuhi, na farasi mwenye kiu baada ya kula majani makavu ni mgonjwa wa tumbo anayesubiri saa yake. Hivyo tulifanya mambo mawili. Wiki mbili kabla ya safari, maji yao ya nyumbani yalianza kutiwa molasi kidogo, kijiko kwa ndoo, ili waizoee ladha hiyo na kuifuata popote itakapokuwa. Pia madumu kumi na manane yalijazwa Mapinga na kupakiwa kwenye Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo.

Kirikuu yenyewe ilizaliwa na hesabu ya uzito. Farasi asibebeshwe zaidi ya sehemu ya tano ya uzito wake, mpandaji, tandiko na mizigo vyote vikihesabiwa. Mizani hatukuwa nayo, kwa hiyo tulitumia utepe wa fundi cherehani: mzunguko wa kifua kwa sentimita ukizidishwa kwa wenyewe, kisha kwa urefu wa mwili kuanzia bega hadi mwisho wa tako, ukigawanywa kwa 11,880. Farasi mkubwa kuliko wote alikuwa na kifua cha 175 na urefu wa 158, yaani kilo 407 hivi, na mzigo wake wa mwisho ni kilo 81. Shemeji yake mama, aliyekuwa amekwisha kununua buti, alikuwa na kilo 92 kabla ya tandiko. Nilimwonyesha hesabu, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza kama utepe haukukosea. Ndivyo tulivyompata dereva wa Kirikuu, na ndivyo ilivyokuwa kwamba mahema, sufuria, majani makavu, pumba na maji havikupanda mgongoni mwa mnyama yeyote. Huko mbali porini usingekuwa na anasa hiyo. Karibu na jiji gari hufika popote, na kuikataa nafasi hiyo kwa ajili ya kujisikia msafiri wa kale ni majivuno ambayo farasi ndiye anayeyalipia.

Ufukwe ulihitaji mwezi. Siku za bamvua, yaani siku mbili hivi baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, bahari ya Bagamoyo hupwa sana katikati ya asubuhi, saa nne au saa nne na nusu, na kuacha mchanga mgumu mpana ambao farasi huupenda. Siku za maji mafu, yaani katikati ya bamvua moja na nyingine, mchanga mgumu ni ukanda mwembamba tu, na wakati wa kupwa huangukia alfajiri na alasiri. Tulichagua mwezi mpevu wa Julai, kwa sababu pamoja na bamvua tulipata mwanga wa kulindia usiku. Hasara yake ni jua, kwa maana saa nne si saa ya ubaridi, kwa hiyo ilibidi kupanga kuingia ufukweni saa mbili na nusu na kuondoka kabla ya saa tano, hata kama mchanga ungali mtupu na watu bado wanataka picha.

Lakini mchanga mtupu wa Mlingotini si mtupu. Akina mama wa kijiji hicho hulima mwani, na maji yanapopwa utaona safu za vigingi vifupi vilivyochomekwa mchangani, na baina yake kamba nyembamba zilizofungwa vishada vya mwani, nyingine zikiwa zimelala kwenye maji yanayofika kwenye kifundo. Farasi anayekwenda mbio hazioni. Akikanyaga ameharibu kazi ya wiki sita, na akijikwaa amejivunja. Siku tuliyokwenda kutazama tulimkuta mama mmoja akikaza kamba, akatuonyesha kwa mkono mahali mashamba yanapoishia na mahali mikoko inapoanzia, na akatuonya kuhusu tope la kwenye mdomo wa kijito ambalo juu limekauka na chini ni uji. Ukanda uliobaki kati ya mwani na mikoko haukuzidi kilomita mbili. Mama mwenye farasi alivunjika moyo kidogo, kwani alikuwa ameota kilomita kumi na tano za kukimbia na mawimbi. Kilomita mbili kwenda na mbili kurudi, kwa mwendo wa kutembea na kukimbia kidogo katikati, zilitosha kuwachosha wote.

Kuhusu kufunga farasi usiku nina la kusema kutokana na maumivu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kambi ya zizi jingine, ufukweni kabisa, ambapo majani yalimwagwa juu ya mchanga kwa siku tatu. Usiku wa tatu, saa tano, jike mmoja alianza kugeuza shingo na kulitazama tumbo lake, akachimba kwa mguu wa mbele, akalala, akainuka, akalala tena. Farasi hawezi kutapika. Mchanga alioumeza pamoja na majani ulikuwa umetuama utumboni, na niliweka sikio langu chini ya tumbo lake nikasikia sauti kama ya mawimbi yakivuta changarawe. Tulitembea naye hadi alfajiri, daktari akaja na akapona, lakini tangu siku ile sijaruhusu chakula kigusane na mchanga. Zinga kila farasi alikuwa na beseni lake, na majani yaliwekwa juu ya turubai. Kamba moja nene ilifungwa kati ya miembe miwili, juu zaidi ya vichwa vyao, na kila mmoja akafungwa juu yake kwa nafasi ya hatua tatu, kwa kamba fupi isiyoweza kufika magotini. Minazi ilikuwepo na kivuli chake kilikuwa kizuri, lakini nazi haina ratiba. Ua la minyaa lililokuwa upande wa njia tuliliepuka pia, kwa kuwa utomvu wake huunguza macho.

Makaratasi sitayasemea sana. Kibali cha kusafirisha mifugo kiliombwa kwa afisa mifugo kwa ajili ya lori la kurudi, barua ya utambulisho ikapelekwa ofisi ya kijiji, na namba ya daktari wa mifugo ikaandikwa kwenye kipande cha boksi kilichobandikwa ndani ya Kirikuu, baada ya kuhakikisha kwamba wikendi hiyo daktari mwenyewe yuko Dar es Salaam na si Morogoro.

Safari ilipofanyika, kipande nilichokihofia kilipita bila habari. Tulivuka Barabara ya Bagamoyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likichomoza, wote wanne kwa pamoja bega kwa bega, kwa sababu farasi anayeachwa ng'ambo hufikiri ametelekezwa na huvuka kwa akili yake. Jioni ya kwanza wawili walikataa maji ya ndoo ngeni hadi molasi ilipokorogwa, kisha wakanywa wakimaliza. Makumbi ya nazi yalichomwa upande wa upepo kufukuza usubi tangu magharibi. Asubuhi mapigo ya moyo ya wote yalikuwa kati ya 32 na 40 kwa dakika, kama inavyostahili kwa farasi aliyetulia.

Tulichokosea kilikuja usiku wa pili. Nyumba ya tatu kutoka shambani kulikuwa na harusi, na saa tatu usiku spika ziliwashwa. Hakuna aliyekosa adabu, watu walikuwa wanaoza mtoto wao nyumbani kwao. Lakini farasi walisimama masikio yakiwa yameelekea kule, mmoja akitoka jasho bila kutembea hatua, na tulishika zamu kamili ya watu watano hadi muziki ulipozimwa saa nane. Shemeji ndiye aliyepata la kufanya: aliwamwagia majani kidogo kidogo kila baada ya nusu saa, maana farasi anayetafuna hatishiki sana. Nilikuwa nimemuuliza mzee kuhusu maji, miti, mbwa na wezi. Sikumuuliza nani anaoza Jumamosi hiyo, ilhali angenijibu papo hapo, kwa sababu alikuwa amealikwa.

Kwa ajili ya usiku huo tulipunguza siku ya tatu. Badala ya kuwapanda hadi Kaole, tuliwaongoza kwa miguu sehemu kubwa ya njia, tukapita nje ya magofu ya kale ya Kaole bila kuingia, na saa tano lori lilikuwa limepakiwa kwenye kivuli cha mwembe. Madumu mawili kati ya kumi na manane yalirudi yakiwa yamejaa. Magunia manne ya samadi yalibaki kwa mzee.

Mama amekwisha kuuliza kuhusu Ruvu kwa mwaka ujao. Nimemjibu kwamba nitakwenda naye kuitazama kwa gari mwezi Juni, tukianzia ofisi ya kijiji, na kwamba yale matandiko ya buluu yabaki Mapinga.